Mbio za vilima Kigoma mwaka huu hazina njia ya kuchorwa, mnachaguaje pa kupita?

mkimbiaji_wa_Gungu

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wa wale wanaojua ramani na mbio za milimani, muda wenyewe unaisha.

Klabu yetu ya jogingi hapa Kigoma huwa tuna mbio za vilima kila mwaka kiangazi. Zamani ulikuwa unaanzia Kibirizi karibu na mwalo, unafuata chokaa na vitambaa vyekundu mpaka juu mgongoni mwa mlima, unarudi, mwenye mapafu ndo mshindi. Mwaka huu kamati imekuja na utaratibu mpya, hakuna kitambaa wala chokaa, kuna vituo nane vimetawanywa kwenye milima kati ya Kibirizi na Kalalangabo, lazima uvipitie kwa mpangilio wa namba ila kati ya kituo na kituo njia ni yako mwenyewe, upite korongoni, upite mgongoni, uzunguke, hakuna atakayekuuliza. Ramani unapewa dakika kumi kabla ya filimbi. Kwa makadirio ya kamati ni kilometa 14 na kupanda jumla mita 800.

Barabarani nipo vizuri tu, ila kontua (ile mistari ya ramani inayoonyesha kimo cha ardhi) sijazigusa tangu nimalize form four. Wametupa ramani ya mazoezi na kuna kipande kimoja kimenitesa kweli. Kutoka kituo cha 3 kwenda cha 4, ukipiga mstari ulionyooka ni kilometa 1.8, lakini mstari unakata korongo, nimehesabu unashuka kontua sita alafu unapanda saba, na kila kontua ni mita 20. Ukizunguka kwa mashariki kufuata mgongo ni kama kilometa 2.7 ila kupanda ni kontua mbili tu, unashuka moja. Kituo cha 4 chenyewe kipo pale kijito kinapoanzia. Grupu letu la WhatsApp limegawanyika, wengine wanasema mwenye nguvu anakata moja kwa moja, wengine wanasema zunguka. Nyie mngepita wapi na kwa nini?

Alafu simu, kamati wanataka ziingizwe kwenye mfuko unafungwa kwa gundi na kusainiwa, ukikutwa umefunguliwa umetoka kwenye mashindano. Hilo ni sawa kweli? Na dira nimenunua mnadani, ya mtumba, sindano inagandaganda haizunguki vizuri, ndo mbovu au?

---

mpima_mstaafu

Mwanangu, nimefurahi kuona vijana wa Kigoma mnarudi kwenye ramani. Nimetembea milima hiyo na vifaa vya upimaji mgongoni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, nitakujibu taratibu.

Kuna Mskoti mmoja, William Naismith, mwaka 1892 aliweka kanuni ambayo mpaka leo watu wa milimani wanaitumia. Weka saa moja kwa kila maili tatu, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 unazopanda. Kwa vipimo vyetu ni kama kilometa 5 kwa saa, na saa moja ya nyongeza kwa kila mita 600 za kupanda. Sasa angalia hapo ndani kuna nini. Kupanda mita 600 kunakula muda uleule wa kilometa 5 za tambarare, kwa hiyo mita moja ya kwenda juu inakugharimu sawasawa na mita nane hivi za kwenda mbele. Naismith aliiweka kwa ajili ya watembeaji, lakini huo uwiano wa nane unamfaa hata mkimbiaji, kwa sababu mkimbiaji anakwenda kasi kote kuwili.

Chukua kipande chako. Njia iliyonyooka, kontua saba za kupanda ni mita 140, zidisha kwa nane unapata 1,120, jumlisha na zile 1,800 unapata 2,920. Njia ya mgongoni, kontua mbili ni mita 40, mara nane ni 320, jumlisha na 2,700 unapata 3,020. Tofauti ni mita 100 katika kilometa tatu. Hiyo si tofauti, maana ukipima kwa uzi juu ya ramani unaweza kukosea zaidi ya hapo. Ndiyo maana grupu lenu limegawanyika, na kila upande una haki yake kwa hesabu.

Basi hesabu ikishindwa kuamua, kinachoamua ni mambo ambayo Naismith hakuyaweka. Kwanza kushuka. Kanuni yake inahesabu kushuka kama bure, lakini kushuka kontua sita kwenye korongo la mawe na vichaka si bure, utashuka kwa mikono na makalio. Pili, na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, ni uhakika wa kujua uko wapi. Ukiwa mgongoni ardhi inaanguka kushoto na kulia kwako, huwezi kuukosa. Ukifika pale mgongo unapobonyea kabla ya kilima kinachofuata, unajua kabisa kwamba kijito chako kinaanzia chini yako, unashuka mita chache, kituo hicho hapo. Anayetoka chini korongoni anakutana na kitu kingine. Makorongo ya huko yanagawanyika kama vidole, na kila kidole kinaanza kwenye kichaka kinachofanana na cha mwenzake. Kutoka chini una nafasi nyingi za kuingia kidole kisicho chako, kutoka juu unachagua kimoja ukiwa unaviona vyote.

Mimi ningezunguka, na wala nisingesita. Lakini usiikariri hiyo, kariri utaratibu: hesabu kwanza, kisha jiulize nitajuaje kwamba nimefika.

Kuhusu dira, huenda si mbovu. Sumaku ya dunia haivuti sindano kwa usawa, inaiinamisha pia. Ulaya inainamisha ncha ya kaskazini, kwa hiyo kiwandani wanaweka uzito kidogo upande wa kusini ili sindano ikae sawa. Ukiileta dira hiyo kwetu, ncha inayovutwa chini ni ya kusini, na uzito nao uko hukohuko kusini, mkia unagusa sakafu ya kibweta na kuganda. Ishike mkononi, iinamishe kidogo hadi sindano iwe huru, uone kama inarudi palepale kila mara. Ikirudi, ni ya Ulaya tu, utaweza kuitumia kwa uangalifu. Isiporudi, itupe. Na usiipime ukiwa umeshika simu, spika ya simu ina sumaku.

Neno la mwisho kwa wanaofanya mazoezi na simu. Ramani zetu za taifa za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa msingi wa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali, simu inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukisoma gridi ya simu na kuihamishia moja kwa moja kwenye ramani hiyo, unajikuta umekosea kama mita mia tatu. Milimani mita mia tatu ni korongo jingine kabisa. Badilisha mpangilio kwenye programu kabla hujaanza kuilaumu ramani.

---

binti_Kalalangabo

Mwakeye wote. Mimi nimezaliwa huko mnakotaka kukimbilia na nimesoma comenti ya mzee nimeipenda sana, shikamoo mzee wangu, ila ramani haijasema kitu kimoja, haijasema nyasi.

Nyie wa mjini mnaiona milima kutoka barabarani imekaa kama imelimwa, njooni mpande. Mvua zikikatika mwezi wa tano nyasi zinakuwa zimempita mtu kimo, zimekauka, zinakata mikono, chini huoni unakanyaga nini na kuna mawe yaliyolegea, hapo mkimbiaji na mtembea kwa miguu mnafika pamoja. Wakishachoma moto mambo yanageuka kabisa, mgongo wote unakuwa wazi, unaona njia ya mtu mmoja mmoja kutoka mbali, unakimbia hata pasipo na njia. Lakini sasa ndo kuna visiki vya nyasi na vya miti midogo vimechongoka kwa moto, vinatoboa raba, yaani raba ya soli nyembamba usithubutu. Kwa hiyo huyo kaka wa Gungu kabla hajauliza apite wapi aulize mbio ni mwezi gani na upande ule umeshaungua au bado. Kama mgongo wa mashariki umeungua na korongo halijaungua (na korongo kwa kawaida haliungui, lina unyevu), hapo hakuna mjadala tena, ni mgongoni.

Kitu kingine, zile njia nyembamba za wanaokata kuni na wanaoteremka kwenda sokoni hazipo kwenye ramani lakini ndizo barabara za mlima. Zimepigwa na watu wenye mzigo kichwani kwa hiyo hazipandi kijinga, zinakwenda kwa usawa, zinazunguka kichwa cha korongo badala ya kulivuka. Mtu mwenye mzigo wa kuni kichwani hafanyi makosa ya njia. Ukiikuta inaelekea unakokwenda kwa ujumla, ishike hata kama inaonekana inakupotosha kidogo mwanzoni. Ila isikuteke, ukiona imeanza kushuka kuelekea ziwani na wewe kituo chako kipo juu, iache hapohapo.

Na tafadhali sana, mashamba. Kule mabondeni kuna mihogo ya watu, kuna michikichi, kuna maharage. Njia ni yako mwenyewe haimaanishi shamba ni lako. Mwaka mmoja watu wa mbio walipita kwenye shamba la mama mmoja, matuta yote chini, na hakuna aliyerudi hata kusema pole. Kamati waende kwa wenyeviti wa vitongoji kabla, mashamba yawekewe alama kwenye ramani kuwa hapapitiki, na anayepita atolewe, si anayefungua simu peke yake.

Kwa simu nitawaudhi watu, mimi sikubaliani kabisa na kuifunga kwa gundi. Msichana akiwa peke yake nyuma ya mlima anatakiwa awe na simu iliyo wazi, basi.

---

wa_Ujiji_ughaibuni

Salaam ndugu zangu, nimeiona hii mada nikaacha kazi zote. Mimi ni wa Ujiji ila nipo kaskazini ya Uingereza, na huku hizi mbio za milimani ndo mchezo wa watu wa kawaida kabisa, wakulima, mafundi, walimu, kila klabu ina mbio yake ya mwaka, unalipa hela kidogo, unapewa namba, mnakwenda. Sehemu kubwa hazina alama njiani. Vituo vipo, kati ya vituo shauri yako.

Kwa taarifa yenu hiyo mbio yenu sio ya kitoto. Chama chao cha wakimbiaji wa milimani kinapanga mbio kwa madaraja, ili iwe daraja A lazima wastani wa kupanda uwe angalau mita 50 kwa kila kilometa. Nyie kilometa 14 kwa mita 800 ni kama 57, kwa hiyo mpo A, na kwa urefu mpo daraja la kati maana la kati linaanzia kilometa 10 kwenda 20. Heshima kwa kamati.

Sasa nilichojifunza huku ni kwamba washindi wa mbio hizi mara nyingi wanashinda kabla ya siku yenyewe. Wanakwenda kuipitia milima kwa miguu wiki kadhaa kabla, hawakimbii, wanaangalia tu, hapa kuna jiwe kubwa, hapa kondoo wamepiga kanjia, hapa pana tope. Kuna jamaa mmoja wa hoteli pale Keswick, Bob Graham, mwaka 1932 alipita vilele 42 ndani ya saa 24, na mpaka leo watu wanaufuata mzunguko wake. Kilichonivutia mimi kwenye habari ile ni kwamba aliijua ile milima kwa kuitembelea kwanza, sio miguu peke yake. Wewe wa Gungu unaishi chini ya mlima wenyewe, vituo vya siku ya mbio huvijui lakini mlima unaujua uko wapi, panda Jumamosi, panda na Jumapili, ukishika migongo mitatu minne na makorongo makuu kichwani basi hiyo ramani ya dakika kumi utaisoma kama unaangalia mtaa wenu.

Kingine ambacho ningependa kamati wakichukue kama kilivyo, ukijitoa katikati LAZIMA ufike mstari wa mwisho uripoti. Hapa ukienda nyumbani kimyakimya bila kuripoti utasikia maneno yake, maana watu wa kujitolea watalala mlimani wanakutafuta na wewe upo kitandani. Wanahesabu watu walioanza, wanahesabu waliopita kila kituo, wanahesabu waliomaliza, namba zikigoma hakuna anayeondoka. Na kila mkimbiaji ana filimbi, ukipata shida unapiga mara sita ndani ya dakika, unanyamaza dakika moja, unarudia. Hakuna bando hapo.

Vifaa ndo msiige kila kitu. Huku wanalazimisha koti na suruali ya mvua maana kinachoua ni baridi, mtu akivunjika kifundo kwenye upepo na mvua anaganda. Kwetu kinachoua ni jua na kiu. Kwa hiyo badala ya koti walazimishe maji, lita moja na nusu angalau mtu aanze nayo, na chumvi kidogo na sukari, na kofia.

Simu mimi nipo na kamati. Kuna mbio huku zinakataza kabisa kuongozwa na GPS, sababu ukiruhusu basi mchezo umekufa, unafuata mshale kama dereva wa teksi. Dada wa Kalalangabo nakuelewa lakini simu ipo mfukoni, ukiwa na shida chana, piga, mashindano yanarudi mwakani.

---

binti_Kalalangabo

Kaka wa Ujiji, chana piga ni rahisi kusema ukiwa huko. Mtu aliyekazana miezi yote hatachana mpaka iwe amechelewa, atasema ngoja nifike pale kwanza. Mimi sitaki GPS iruhusiwe, nataka simu iwe wazi kwa kupiga. Wafunge data, wakague mwisho, wafanye wanavyojua. Na hata hivyo korongoni mtandao haushiki, ukishuka tu nyuma ya mgongo imekufa, kwa hiyo hiyo simu yenu ya kwenye gundi inawapa watu moyo wa bure. Watu wawekwe mgongoni penye mtandao, wawili wawili, wenye maji. Hapo ndo tutaongea.

---

reli_ya_kati

Nipo Tabora huku kwenye uwanda, mita 1,200 juu ya bahari lakini tambarare, miombo mbele miombo nyuma, hatuna mgongo wala korongo la kushika kwa hiyo sisi tumelazimika kujifunza kitu ambacho nyie wa milimani mnakidharau, kuhesabu hatua. Unapima mita 100 mahali panapojulikana, unakimbia unahesabu kila mguu wa kulia unapogusa chini, kila mtu ana namba yake, na ya kupandia mlima ni tofauti na ya tambarare kwa hiyo pima zote mbili. Baada ya hapo mtu akikwambia kutoka kwenye jiwe nenda mita 300 kaskazini mashariki, unakwenda na dira unahesabu unafika. Kwenye nyasi alizosema dada, ambapo huoni hata mita tano mbele, hii ndo itakuokoa.

Na kidole gumba. Ikunje ramani ndogo ikae kiganjani, gumba lako liwe pale ulipo, kila ukipita kitu unachokitambua unalisogeza. Na ramani igeuzwe kila unapogeuka, kaskazini ya ramani iangalie kaskazini ya kweli, hata kama maandishi yatakuwa kichwa chini haina shida, husomi gazeti. Watu wengi ninaowaona wanapotea huku hawajakosea dira, wamesahau tu mara ya mwisho walikuwa wapi.

Nyie mna bahati na ziwa aisee. Magharibi kuna maji mchana kutwa, unataka nini tena.

---

mpima_mstaafu

Huyo wa Tabora amesema vizuri, ila hapo kwenye ziwa naomba niongeze tahadhari, kwa sababu vijana wengi wanaamini ukipotea Kigoma fuata maji utafika ziwani. Ni kweli kwa upande wa magharibi tu. Vijito vya upande ule ni vifupi, vinaanguka moja kwa moja Tanganyika, ambayo yenyewe iko kama mita 770 juu ya bahari. Lakini ukivuka mgongo na kushuka mashariki bila kujua, maji ya huko hayaendi unakodhani. Yanaelekea bonde la Luiche, na Luiche inakwenda kusini kuingia ziwani huko chini ya Ujiji. Utafuata kijito ukiamini unakwenda Kibirizi kumbe kila hatua inakutoa kwenye mbio. Kwa hiyo kabla ya kufuata maji, hakikisha kwanza uko upande gani wa mgongo, na njia rahisi ni kupanda juu uone ziwa, hata kama kupanda kunauma.

Na jua lisiwachanganye. Sisi tuko kama nyuzi tano kusini ya ikweta, miezi ya sita na saba jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini, kivuli chako kinaangukia kusini. Miezi ya mvua, karibu na mwisho wa mwaka, ni kinyume chake. Mtu aliyezoea mbio za Januari akija nazo Julai anajigeuza mwenyewe.

---

mjumbe_wa_kamati

Nimefuatilia uzi huu wote, nipo kwenye kamati inayozungumzwa hapa ingawa siongei kwa niaba ya wenzangu. Asanteni kwa kweli.

La mashamba limenigusa, nitalibeba kikaoni kama lilivyoandikwa, wenyeviti wa vitongoji waonwe kabla na maeneo yapigwe mistari kwenye ramani. La kuripoti ukijitoa tulikuwa tumeandika kwa mstari mmoja chini kabisa ya fomu, naona lipande juu. Filimbi zipo, tutagawa. Kuhakikisha mtu amefika kituoni hatuna vile vifaa vya kutoboa kadi, kwa hiyo kila kituo kitakuwa na penseli ya rangi yake imefungwa kwa kamba, unachora kwenye kadi yako kwenye kisanduku cha namba hiyo, rangi isiyolingana hujafika. Rangi zenyewe hatutatangaza.

Simu bado. Mimi binafsi nilikuwa upande wa gundi ila hoja ya mtandao kukatika nyuma ya mgongo ni ya kweli, nimepita kule, simu inakufa. Pendekezo nitakalopeleka ni simu za kitochi ziruhusiwe wazi kabisa, zina kupiga na hazina ramani, na kwa asiye nayo klabu iazime. Na watu wawili kwenye mgongo mkuu kati ya kituo cha 3 na cha 5, hiyo nadhani itapita bila ubishi.

Muda wa kufunga pia tutauweka. Ukichelewa kituo cha 5 kupita saa tuliyoandika unarudishwa kwa njia ya chini, hata kama unajisikia una nguvu. Huku jua likizama saa moja jioni hivi giza haliombi ruhusa, na hatutaki mtu kule juu bila tochi.

---

binti_Kalalangabo

Kitochi nakubali. Hapo tumeelewana.

---

mkimbiaji_wa_Gungu

Wakuu sijui niseme nini, nimejifunza humu kuliko mwaka mzima darasani. Mzee shikamoo, dira nimeipima kama ulivyosema, nimeinamisha kidogo upande mmoja sindano ikawa huru na inarudi palepale kila mara, kwa hiyo ni ya Ulaya tu, nitaenda nayo.

Nimerudia ile hesabu kwa vipande vyote vya ramani ya mazoezi na kitu nilichokiona ni kwamba kipande cha 6 kwenda 7, ambacho nilikuwa sina wasiwasi nacho kabisa maana mstari unaonekana mzuri, ndo kina shida kubwa. Moja kwa moja ni kilometa 1.1 lakini kontua kumi na moja za kupanda, yaani mita 220, mara nane ni 1,760, jumla 2,860. Kuna kanjia ka usawa kanazunguka kwa magharibi kilometa 1.9 kontua tano, mara nane 800, jumla 2,700. Sasa hapo nazunguka au ninakata? Maana kanjia kenyewe kako kwenye ramani ya zamani sijui kama bado kapo.

---

binti_Kalalangabo

Kapo ila nusu. Kuanzia upande wa Kibirizi kapo vizuri, watu wanapita kila siku, ukishavuka kijito cha pili kamekufa, kuna kichaka, itabidi upande hapo kwa mstari mpaka juu. Kwa hiyo shika njia mpaka kijito cha pili alafu kata juu kwa dira, nyasi za hapo ni fupi kuna mawe. Usijaribu kukafuata mpaka mwisho.

---

mpima_mstaafu

Umesikia mwenyeji. Kwa ramani pekee ningekwambia zunguka mpaka mwisho, na ungekwama kichakani.

Jumamosi nitakuwa Mwanga asubuhi, wale mnaotaka kujifunza kontua njooni na uzi mwembamba wa kushonea, penseli na kifutio. Nitakuja na nakala za karatasi. Tutakaa saa moja mezani, kisha tupande mpaka mahali ambapo pande zote mbili za mgongo zinaonekana, kila mtu anionyeshe kwa kidole maji ya chini yake yanakwenda wapi. Wa Kalalangabo, ukiweza kuja nitashukuru, hizo njia za kuni nataka tuzichore kabla ya siku ya mbio, na kamati wapewe nakala.

---

binti_Kalalangabo

Nitakuja mzee. Nitakuja na mama yangu mdogo, yeye anazijua zote mpaka za upande wa Mtanga.